NANI AMEMCHUKUA KOKO?

Masomo: Walawi 19:32-34, Marko 7:9-13, Matendo 6:1-7, 1 Timotheo 5:1-8, 2 Samweli 19:31-39



Leo sitahubiri juu ya baba yako na mama yako. Hao unajua kwamba ni deni lako, na ukiwaacha, hata wapagani watakucheka. Leo ninataka tuongee juu ya mzee ambaye si wa kwenu. Hamna ukoo mmoja wala kabila moja, pengine hata lugha ya nyumbani si moja. Ni jirani tu. Moshi wa jiko lake unaingia kwako, na kikohozi chake unakisikia usiku. Mungu atakuuliza habari zake. Ninajua, kwa sababu aliniuliza mimi.

Barabara ya Sake

Wengi wenu mnakumbuka Jumamosi ya tarehe 22, mwezi wa 5, mwaka 2021. Jioni ile anga la Goma likawa jekundu. Nyiragongo ilikuwa imepasuka. Moto ulishuka mpaka Buhene, ukala nyumba za watu, kisha ukasimama. Tukamshukuru Mungu. Lakini udongo haukutulia. Siku zilizofuata nyumba zilitikisika mchana na usiku, kuta zikapasuka, tukalala inje na watoto. Ndipo Alhamisi, tarehe 27, serikali ikatangaza kwamba watu wa kartie 10, kati ya kartie 18 za mji, watoke mara moja.

Mnakumbuka barabara ya Sake siku ile. Magodoro kichwani, watoto mgongoni, pikipiki moja imebeba watu wanne, mbuzi na masufuria katikati ya miguu ya watu. Mimi nilikuwa na mke wangu na watoto wetu, na Biblia yangu ndani ya mfuko. Tulipopita Mugunga, mke wangu akasimama katikati ya barabara. Akaniuliza: “Papa, nani amemchukua Koko?”

Nikamjibu: “Watu wa kwao watakuwa wamemchukua. Tutembee.”

Wapendwa, nilisema uongo. Mimi mchungaji, na Biblia mfukoni, nilisema uongo mbele ya watoto wangu. Nilijua kabisa kwamba Koko hakuwa na watu wa kwao.

Yule tuliyemwita Koko alikuwa mama mzee, mjane, aliyetoka Masisi kwa sababu ya vita, miaka mingi iliyopita. Mume wake alibaki kaburini kule. Watoto wawili walikufa, wa tatu alikwenda kutafuta kazi na hakuna aliyejua yuko wapi. Koko alikaa katika kijumba cha mbao nyuma ya kiwanja chetu. Aliuza makala kwa mafungu madogo mbele ya mlango. Kila Jumapili alikuja kanisani, akakaa kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, kwa sababu uzee ulimlazimisha kutoka mara kwa mara. Watoto wa avenyu walikuwa wanamchotea maji, yeye anawapa karanga.

Kwa nini basi mama kama huyo alisahauliwa siku ya kukimbia? Hakusahauliwa. Aliachwa. Na habari ya kuachwa kwake ilianzia ndani ya chumba cha maombi.

Neno lililotoka katika maombi

Miezi michache kabla ya mlipuko, mtoto wa jirani, wa miaka 3, alianza kuhara na kutapika usiku. Asubuhi alikuwa amekufa. Mama yake alilia kilio ambacho sisi wote tunakijua katika mji huu. Juma lile, katika maombi ya usiku, dada mmoja alisimama na kusema: “Ninaona kichwa cheupe. Ninaona macho mekundu. Ninaona mlango unaotazama jiwe kubwa.” Hakutaja jina. Hakukuwa na haja ya jina. Katika avenyu yetu mlango unaotazama jiwe kubwa ni mmoja tu.

Kesho yake watoto hawakwenda kuchukua bidoni ya Koko. Kesho kutwa watu hawakununua makala yake. Baada ya majuma mawili, usiku, mawe yakaanguka juu ya mabati ya nyumba yake. Niliyasikia. Nilikaa kitandani, nikaomba kimyakimya, mlango umefungwa kwa kufuli. Nilijiambia: nikitoka, watasema mchungaji anakaa upande wa wachawi. Nitapoteza kanisa.

Ndiyo sababu, pale Mugunga, sikutaka kujibu ulizo la mke wangu.

Siku ya tatu ya ukimbizi tulimkuta Koko huko Sake, katika uwanja wa shule, ameketi juu ya mkeka. Aliyemleta ni kijana mmoja wa chukudu, wale wanaobeba viazi na mbao. Kijana yule hasali popote, na siku ile alinuka kasiksi. Aliniambia kwamba alirudi katika avenyu yetu kuchukua chukudu yake, akasikia mtu anakohoa ndani ya nyumba iliyofungwa. Akamuuliza mama mzee: “Unangoja nini hapa?” Koko akajibu: “Ninangoja watu wa kanisa langu.”

Basi kijana akamkalisha juu ya chukudu, akamfunga kwa kitenge asianguke, akamsukuma kilometa zaidi ya 20 katikati ya msongamano ule.

Ninyi mnaojua habari ya Msamaria katika Luka 10, mnaelewa mimi nilikuwa nani katika habari ile. Nilikuwa yule kuhani aliyepita upande wa pili wa njia.

Koko aliponiona hakunilaumu. Aliuliza tu kama watoto wangu wamepata maji ya kunywa.

Mungu anaweka jina lake juu ya mvi

Tufungue Walawi 19, mstari wa 32. Mungu anamwagiza Musa kwamba mtu asibaki amekaa wakati mwenye mvi anasimama mbele yake, na kwamba uso wa mzee upewe heshima. Kisha, mwisho wa agizo, Mungu anataja jina lake mwenyewe, kama mtu anayetia sahihi chini ya barua. Juu ya nini? Kwa sababu mtu anaweza kumdharau mzee na asiadhibiwe na mtu yeyote. Mzee hana nguvu za kupiga. Hana fedha za kukushitaki. Pengine hasikii hata ulilosema. Basi Mungu anasema: mimi nimesikia.

Sasa soma mistari miwili inayofuata. Mungu anaendelea moja kwa moja na habari ya mgeni anayekaa kati yao: asionewe, apendwe kama mzaliwa. Mzee na mgeni wamewekwa pamoja, mstari juu ya mstari. Katika mji wetu uliojaa watu waliokimbia vita, mara nyingi hao wawili ni mtu mmoja. Mama mzee aliyetoka Masisi, Rutshuru, Walikale ama Kalehe, ambaye hapa hana mjomba wala mpwa, anabeba mistari yote mitatu katika mwili wake mmoja.

Alama ambazo si uchawi

Ninajua swali lililo ndani ya mioyo ya wengine: “Mchungaji, je, wachawi hawapo?” Sisi Wapentekoste hatukatai kwamba shetani yupo na anafanya kazi. Lakini Paulo, katika Waefeso 6:12, anatufundisha kwamba vita yetu si ya kupigana na watu wenye mwili na damu. Kama vita yako inaishia kwa kumpiga mawe mama wa miaka 75, umekosea uwanja wa vita. Na Torati yenyewe, Kumbukumbu la Torati 19:15, inakataa mtu ahukumiwe kwa ushuhuda wa mmoja. Ndoto si mashahidi wawili. Na katika 1 Wakorintho 14:29 unabii unasikilizwa na kupimwa. Je, sisi tuliupima? Hatukuupima. Tuliunywa kama tulivyokunywa yale maji.

Maana mtoto yule, wapendwa, aliuawa na maji. Muuguzi wa kituo cha afya aliwaambia wazazi kwamba ni kipindupindu. Maji ya ziwa, yaliyochotwa na kunywewa bila kuchemshwa wala kutiwa dawa. Lakini sisi tulipenda maelezo yenye kichwa cheupe kuliko maelezo yenye bidoni chafu, kwa sababu bidoni chafu ilikuwa yetu sote.

Acheni nieleze zile alama ambazo watu wanaziogopa.

Macho mekundu: mama aliyepika kwa kuni na makala miaka 60, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, macho yake yatakuwa mekundu. Ni moshi. Pengine ni ugonjwa wa macho unaoweza kutibiwa.

Kuongea peke yake: mtu anayekaa siku tatu bila kusalimiwa ataongea na nani? Wengine wanaongea na Mungu, nanyi mnasema wanaongea na mapepo. Hana mama yake Samweli alidhaniwa kuwa amelewa, kumbe alikuwa anaomba.

Kutembea usiku: uzee unamwamsha mtu kwenda chooni mara tatu, nne. Na kuna ugonjwa wa ubongo unaowapata wazee wengi, unaofuta kumbukumbu kidogo kidogo. Mzee wa namna hiyo anaweza kutoka saa 8 za usiku akitafuta nyumba aliyoiacha kijijini miaka 40 iliyopita. Anaweza kuingia kiwanjani kwako akidhani ni kwake. Mshike mkono, umrudishe. Usipige makelele.

Kusema maneno magumu: maumivu ya magoti, ya mgongo, na njaa, yanamfanya hata mtakatifu awe mkali.

Kuzika wengi na yeye kubaki: wanasema “amekula wote”. Katika inchi hii iliyopita vita na magonjwa kwa miaka 30, mtu aliyebaki peke yake ndiye aliyelia kuliko sote. Unamwongezea hukumu juu ya misiba?

Na jambo moja zaidi, ninalisema bila kuficha. Mara nyingi nyuma ya neno “mchawi” kuna kiwanja. Kuna shamba. Kuna chumba ambacho mtu anakitaka. Ahabu alipotaka shamba la Nabothi na kukataliwa, Yezebeli hakusema “tunataka shamba”. Aliagiza mashahidi wa uongo watafutwe na kufunga kutangazwe, akaweka mambo ya dini mbele. Soma 1 Wafalme 21, utajiuliza kama habari ile iliandikwa kwetu.

Haya si mchezo. Mwaka ule ule wa 2021, upande wa Kivu ya Kusini, wamama wazee waliuawa na makundi ya watu, wengine kwa moto, kwa sababu ya neno hilo moja. Na kule, vidole vilivyowaonyesha vilikuwa mara nyingi vya watu wanaojiita wa maombi, wale wanaoitwa bajakazi. Damu hiyo inalia toka udongoni kama ya Abeli. Na Katiba ya inchi yetu, kifungu cha 49, inasema wazee wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Serikali imeandika. Mungu ameandika mbele yake. Sisi tuliookoka, tumeandika nini?

Korbani yetu

Katika Marko 7, Bwana Yesu anawakuta watu waliogundua njia nzuri ya kutosaidia wazazi wao. Mzee akiomba chakula, mtoto anasema: kitu hiki ni Korbani, kimetolewa kwa Mungu. Mdomo wa mzee unafungwa kwa jina la Mungu. Yesu anawaambia kwamba kwa njia hiyo wanalitangua neno la Mungu.

Nasi tuna Korbani yetu. “Juma hili tuna semina.” “Ninachangia kampeni ya injili.” “Niko katika funga ya siku 21.” Mambo hayo ni mazuri, nami ninayafanya. Lakini funga yako imekuhifadhia bugali ngapi? Siku unapofunga, kile chakula ambacho hukula kiko wapi? Isaya 58 inatoa jibu: kiende kwa mwenye njaa. Ukifunga siku tatu na sahani yako ikaingia kwa mama mzee wa nyuma ya nyumba yako, hapo funga yako imepata miguu.

Kanisa la kwanza lilijazwa Roho Mtakatifu, lilinena kwa lugha, lilifanya miujiza. Na bado katika Matendo 6 kulikuwa na wajane waliosahauliwa wakati wa kugawa chakula cha kila siku. Walikuwa wajane wa kundi lililozungumza Kigiriki, wageni kidogo katika mji. Mitume hawakusema “tuombe tu”. Walichaguliwa watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, kwa kazi ya kugawa chakula. Sikieni vizuri: kwa kubeba sahani za wajane, kanisa lilitafuta watu waliojaa Roho. Na mstari wa 7 unasema kwamba baada ya hapo neno la Mungu lilienea. Haukuwa upotezaji wa wakati.

Paulo naye, katika 1 Timotheo 5, anapanga mambo: watoto na wajukuu watangulie kusaidia wa nyumbani mwao, yule aliye mjane kweli, aliyebaki peke yake, kanisa limbebe. Basi wewe mwenye koko wako kijijini, usijifiche nyuma ya kanisa. Tuma kitu. Piga telefoni. Lakini yule asiye na mtu, mtu wake ni wewe na mimi.

Kazi ya mikono

Wengine mnasema: “Mchungaji, mimi mwenyewe sina kitu.” Ninajua maisha ya mji huu. Basi sikia mambo yasiyohitaji fedha nyingi.

Maji. Bidoni ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Mama wa miaka 70 hawezi kuipandisha juu ya mawe ya volkano. Anachukua kidumu cha lita 5, anakwenda mara nne, ama anaacha kuoga. Mtoto wako anapokwenda kuchota, achote na ya mzee. Na ayatie dawa, ama ayachemshe, kabla ya kunywa.

Chakula. Wazee wengi hawana meno. Sombe iliyopikwa ikalainika, maharagi yaliyopondwa, uji wenye sambaza zilizosagwa, hivyo vinaingia. Usimpelekee makombo ya sahani ya watoto. Pakua yake kwanza, sufuria likiwa bado linatoa moshi.

Nyumba. Mvua zinaporudi mwezi wa 9, angalia mabati yake kabla ya yako kuanza kuvuja. Vijana wa kanisa, salongo ya Jumamosi moja inatosha: mtaro, misumari michache, ubao wa mlango, choo kilicho na kitu cha kushika ili asianguke.

Hospitali. Usimwambie tu “nenda ukapimwe”. Mpeleke. Kaa naye kwenye benchi. Mzee akienda peke yake haelewi alichoambiwa, na dawa anazimeza zote siku moja.

Telefoni na karatasi. Wazee wengi wanapokea fedha ya watoto wao kwa telefoni, na hawajui kusoma. Wanakupa telefoni pamoja na namba ya siri. Kijana, hapo ndipo wokovu wako unapimwa. Mpe mzee fedha yake yote mkononi, uihesabu mbele yake. Na kadi yake ya uchaguzi, inayotumika kama kitambulisho, msaidie kuihifadhi ndani ya plastiki isilowe.

Salamu. Hii ni bure kabisa. Pita, simama, toa kofia, mwite Koko, mwite Muzee, mwite Mama. Uliza amelalaje, kisha ungoje jibu. Jibu la mzee linachukua muda. Anaanza na goti, anafika kwenye vita ya Mulele. Ngoja. Usimsahihishe mbele ya watu, wala usimsemeshe kama mtoto mchanga kwa sababu mikono yake inatetemeka.

Mzee si mdomo wa kulisha tu

Katika 2 Samweli kuna mzee anaitwa Barzilai, wa miaka 80. Daudi alipokimbia mbele ya Absalomu, Barzilai na wenzake walimletea vitanda, ngano, asali na kondoo. Angalieni, mzee ndiye aliyewalisha wakimbizi! Vita ilipokwisha Daudi akamwomba waende wote Yerusalemu ili amtunze. Barzilai akakataa kwa adabu: masikio yake hayasikii tena waimbaji, ulimi wake hautambui tena ladha, naye anataka kufa karibu na kaburi la wazazi wake. Mfalme hakumlazimisha. Akamwachia uamuzi wake, akambusu, akambariki.

Kwa hiyo tunapowasaidia wazee tuwaulize wanataka nini. Usimhamishe mzee kwa nguvu kwa sababu wewe umeona ni vizuri. Na umpe nafasi ya kutoa. Koko alitoa karanga. Mwingine atatoa shauri la ndoa, mwingine ataombea mtihani wa mtoto wako. Ukikataa karanga za mzee kwa kusema “kaa tu, Koko, usijisumbue”, umemwambia kwamba siku zake zimekwisha kabla Mungu hajasema.

Tuliporudi

Mwezi wa 6 tulirudi Goma. Niliingia kwa Koko pamoja na mke wangu, nikapiga magoti juu ya udongo, nikamwomba msamaha. Nilianza kueleza habari za usiku ule wa mawe, kwamba sikusikia vizuri. Akanikata: “Mchungaji, nilikusikia ukikohoa. Nilijua uko macho.”

Sikuwa na neno la kuongeza. Alinisamehe, lakini kwanza aliacha ukweli ukae katikati yetu. Ndivyo msamaha ulivyo.

Jumapili iliyofuata nilitubu mbele ya kanisa. Jamaa kadhaa walihama, wakasema mchungaji amekuwa dhaifu. Yule dada wa unabii tulimwita mbele ya wazee wa kanisa, bila kumwaibisha. Alilia, akakubali kwamba maneno yale alikuwa ameyasikia kwanza kwenye robine ya maji, kabla ya kuyasema katika maombi. Toka siku ile tuna kanuni: hakuna mtu anayetamka katika chumba cha maombi jina la jirani wala alama ya nyumba yake. Anayedhani ameonyeshwa kitu anakileta kwa wazee wa kanisa, wanakipima kwa Neno. Na mzee akianza kusemwa katika avenyu, mchungaji na mashemasi wanakwenda kukaa mbele ya mlango wake, mchana, watu wakiwaona. Tukiona hatari, tunamwita nyumba kumi na shefu wa avenyu siku hiyo hiyo.

Mama aliyefiwa na mtoto hakukubali haraka. Ulipita karibu mwaka mzima kabla hajamsalimu Koko. Hatukumlazimisha, maana naye alikuwa na kidonda. Koko alipolala mauti, kitandani pake, si chini ya mawe, mama yule alikuja msibani na bidoni ya maji kichwani. Akaiweka karibu na jiko, akakaa na wamama wengine. Hakusema kitu.

Kwa kumaliza

Wapendwa, mlima wetu ungali hai. Ulipasuka 1977, ukapasuka 2002, ukapasuka 2021. Na vita, mnajua, haiombi ruhusa ya kufika. Siku ya kukimbia itakuwa ni kuchelewa sana kuanza kuuliza nani amchukue Koko.

Kwa hiyo ninawaomba jambo moja juma hili. Kila selula ya maombi iandike katika daftari majina ya wazee wanaokaa peke yao katika avenyu yake, wawe wa kanisa letu, Wakatoliki, Waislamu ama wasiosali. Mbele ya kila jina, andikeni majina ya watu wawili: wa kumchotea maji kila siku, na wa kumbeba siku ya hatari. Kama hakuna jina la kuandika, andika lako.

Tuombe. Baba wa mbinguni, wewe ni mzee wa siku, na hatukuoni haya. Utusamehe usiku tuliosikia mawe tukanyamaza. Safisha midomo yetu katika maombi. Utupe miguu ya kufika kwa jirani, na mikono ya kubeba. Uwakumbuke wazee wote wanaokaa peke yao usiku huu, na uwatumie mtu. Utume sisi. Katika jina la Yesu Kristo, amina.

Maswali ya kuongea katika selula

1. Ni mzee gani katika avenyu yetu ambaye hatujamsalimu juma hili, na kwa sababu gani?
2. Someni Matendo 6:1-7. Kwa nini kazi ya kugawa chakula ilihitaji watu waliojaa Roho?
3. Neno likisikika juu ya mzee fulani, sisi tutafanya nini siku hiyo hiyo?
4. Nani atamchotea maji, na nani atambeba? Andikeni majina.